Ishara ya Isaya na Benchi la Nyuma

Ukiiacha lami ukapanda barabara ya vumbi kuingia Goba ndani, kabla hujafika kwenye ule mteremko unaowaangusha bodaboda kila mvua ikinyesha, kuna karakana ya kuchomelea mageti, na pembeni yake benchi refu la chuma. Benchi lenyewe limeungwa na mabaki ya mageti ya watu, kwa hiyo ukilikalia utajikuta umeegemea maua, mishale, na nusu ya simba wa tajiri mmoja aliyebadili mawazo. Hapo ndipo Twalib wa Kilwa anapolitua birika lake la kahawa kila alasiri, na hapo ndipo wanaume wa mtaa huo wanapoyamaliza mambo ambayo dunia nzima imeshindwa kuyamaliza. Hawasikilizani, hawakubaliani, na kesho yake wanarudi. Jumapili hiyo, ya mwisho kabla ya Krismasi, walimkuta mwenye karakana ameshakaa, bado yuko na suti ya kanisani, na uso ameukunja kama mtu aliyeng'atwa na siafu.

Jina lake Brightson, ingawa hapo kijiweni hakuna anayelitumia. Wanamwita Mzee Geti. Ni Mnyakyusa wa Tukuyu, amekaa Dar miaka mingi kuliko aliyokaa kwao, na ni mzee wa kanisa katika usharika wao ulioko juu ya kilima. Siku hizo alikuwa anaamka na hasira na kulala nazo. Sababu mtaa mzima uliijua, ila hakuna aliyethubutu kuitaja mbele yake. Binti yake Sekela, aliyekuwa chuo cha ualimu, alikuwa amerudi nyumbani na mimba, na mume hana. Wazee wa usharika walipomwita kumuuliza mwenye mimba ni nani, aliwajibu kwa adabu kwamba atamwambia baba yake, siku baba yake atakapomuuliza mwenyewe.

Baba yake hakumuuliza. Usharika ule una utaratibu wake, na hauna simile. Msichana akipata mimba nje ya ndoa anatengwa: hashiriki Chakula cha Bwana, haimbi kwaya, na kila Jumapili anakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, mpaka siku atakaposimama mbele ya watu wote atubu ndipo arudishwe kundini. Mwanamume aliyehusika, kama hajatajwa, anaendelea kuimba besi. Siku baraza lilipokaa juu ya Sekela, mchungaji aliinamisha kichwa na wazee wengine wakaangalia dari, kwa kumwonea haya mwenzao. Brightson akaogopa wasije wakasema anambeba mwanawe. Akanyoosha mkono yeye wa kwanza, kwamba atengwe. Wengine walinyoosha kwa kumfuata.

Tangu siku ile hakumsemesha tena. Walikuwa wanaishi nyumba moja na kupishana kwenye korido kama wapangaji waliogombea maji. Mkewe, Tupokigwe, alichoka kubeba maneno kutoka chumba hiki kwenda kile, akamkatia binti tiketi ya basi la asubuhi aende kwa bibi yake Tukuyu, akazalie huko. Begi lilikuwa limeshafungwa, limewekwa sebuleni karibu na mlango. Ndiyo maana Brightson alikuja kijiweni na suti yake. Hakutaka kupita mbele ya lile begi kwenda kubadilisha nguo.

Na asubuhi hiyo kanisani walikuwa wamemwongezea chumvi kwenye kidonda. Kila mkesha wa Krismasi usharika huzima taa zote, na msichana mmoja husimama gizani na mshumaa akasoma maneno ya nabii Isaya, kwamba bikira atachukua mimba, naye atazaa mtoto mwanamume, na jina lake ataitwa Imanueli. Msomaji alikuwa Sekela tangu alipopata kipaimara, kwa sababu ana sauti inayofika mpaka kwenye miembe ya nje bila kipaza sauti. Sasa wametangaza kwamba atasoma Jesca, binti wa mwimbishaji. Tangazo lilisomwa Brightson akiwa benchi la mbele, na alitikisa kichwa kukubali, huku amekunja ngumi mfukoni.

Basi aliyeanzisha mada alikuwa Revelian, anayeitwa Hakimu. Ni Mhaya, alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, na hakuna jambo analoweza kulikubali bila ushahidi, hata kama ni habari ya mvua na yeye mwenyewe amelowa. Kanisani kwake nako walikuwa wamehubiriwa andiko lilelile la Isaya, na lilikuwa limemkaa kooni.

— Mie nauliza kisheria tu, alisema, akipokea kikombe. Ahazi ni mfalme wa Yuda. Kazungukwa na wafalme wawili, wanataka kumpindua. Moyo unamtetemeka. Nabii anakwenda kumwambia usiogope, Mungu anakupa ishara. Ishara yenyewe ni mtoto atakayezaliwa baada ya miaka mia saba. Hivi, wewe umevamiwa na majambazi leo, unapiga simu kwa walinzi, wanakwambia tulia, vitukuu vyako watatuona?

Twalib alicheka mpaka akamwaga kahawa. Brightson hakucheka.

— Mathayo ameandika, alisema. Yote hayo yametukia ili litimie neno la nabii. Imeandikwa. Imekwisha.

— Mathayo ni shahidi wa baadaye, mzee mwenzangu. Nauliza Ahazi alielewa nini siku ile.

— Ahazi hakuelewa kitu kwa sababu alikuwa mjinga, alisema Brightson. Kuna watu wanapewa ishara na hawaoni. Wengine wamo humuhumu Goba, wanakunywa kahawa.

Hapo Albano akakohoa. Albano anaitwa Sakristia, jina la chumba cha mapadri cha kuvalia, si kwa sababu ya kulala kanisani, bali kwa sababu aliwahi kuchonga altare nzima ya parokia moja na tangu hapo anajiona kama mtumishi wa ndani. Ni Mmakonde wa Newala, Mkatoliki, mchonga vinyago, na mikono yake haijawahi kutulia hata siku moja. Hata siku hiyo alikuwa na kipande cha mpingo na kisu kidogo, anakwangua huku anaongea.

Yeye alisema Hakimu ana haki na Mzee Geti ana haki, jambo ambalo liliwaudhi wote wawili kwa mkupuo. Akasema inawezekana kabisa palikuwa na mtoto wa wakati ule, labda wa jumba la mfalme, labda wa nabii mwenyewe, na kabla mtoto huyo hajajua kuchagua jema na baya wale wafalme wawili wakawa wamekwisha. Hilo lilikuwa la Ahazi, na lilitimia. Lakini neno la Mungu haliishi kwa kutumika mara moja. Akaliinua lile gogo lake waone. Upande mmoja palikuwa na mzee amekaa. Akaligeuza, na upande wa pili, kutoka katika mgongo uleule, palikuwa na mwanamke na mtoto.

— Aliyesimama huku anamwona mzee, alisema. Hajadanganywa, mzee yupo. Ila mchongaji tangu anapoanza anajua na wa nyuma. Wakristo walipomwona Yesu ndo wakaligeuza gogo. Wakasema, kumbe, tangu zamani alikuwa humu.

— Na kwa nini mchongaji hakumwambia Ahazi azunguke? Hakimu aliuliza.

— Kwa sababu Ahazi alikuwa anatetemeka. Mtu anayetetemeka humwonyeshi vyote.

Yalikuwa maneno mazuri, na kama kijiwe kingekuwa na akili kingeishia hapo, watu wakanywa kahawa yao wakaenda nyumbani. Lakini Brightson aliyachukia. Alikuwa na hasira za siku nyingi, na hasira za namna hiyo hutafuta ukuta wa kugonga. Akasema hakuna cha upande wa mbele wala wa nyuma, unabii ulikuwa juu ya bikira mmoja tu na mtoto mmoja tu, tangu siku ulipotamkwa, na anayeanza kuligeuzageuza neno mwisho wake atawahurumia wazinzi. Albano alimtazama, akarudisha macho kwenye mpingo wake. Hakimu akadokeza kwamba wasomi wa Kiebrania wanasema pale Isaya alitamka msichana tu, na waliotia bikira ni wale waliotafsiri kwa Kiyunani, kabla hata Yesu hajazaliwa. Brightson akamwambia wasomi hao waende wakachomelee mageti labda watapata adabu.

Twalib naye akatia neno lake, kwa upole, kama mtu anayepita kwenye nyumba ya wengine. Alisema kwao Bibi Mariam hakuguswa na mwanamume yeyote, hilo Mwislamu halibishii, na wala hawahitaji Isaya ili waliamini. Mungu akitaka jambo huliambia liwe, nalo likawa.

— Umesikia? Brightson alimgeukia Hakimu. Hata Twalib anaamini kuliko wewe Mkristo.

— Mie naamini. Nauliza tu ushahidi ulipitia wapi.

Ndipo akafika Rogers, na mambo yakaharibika rasmi. Rogers anaendesha bodaboda na anasali kwenye hema lililoko bondeni, ambako kila mtu ana maono, na hapo kijiweni wanamwita Nabii kwa kumkejeli, naye amelipokea jina kwa mikono miwili. Aliegesha pikipiki, akaomba kashata kwa mkopo, akauliza ishu ni nini. Alipoambiwa akasema wote wamepotea njia. Ishu siyo bikira. Ishu ni jina.

— Isaya kasema ataitwa Imanueli. Si ndiyo? Kazaliwa, kaitwa Yesu. Nyie wazee mshawahi kujiuliza?

— Imanueli maana yake Mungu pamoja nasi, alisema Brightson. Ni cheo chake.

— Hapana, mzee wangu. Mie nimefunuliwa. Imanueli ndo jina la kitambulisho. Yesu ni jina la mtaani. Kama wewe ulivyo Brightson kwenye kadi na Mzee Geti hapa. Jina la kadi limefichwa, atakujaga kulitumia siku ya mwisho, ili shetani akimtafuta kwa jina la mtaani asimpate.

Hakimu alifunga macho. Albano aliacha kuchonga. Kuona amepata wasikilizaji, Rogers akapanda juu zaidi. Akasema Ahazi aliambiwa aombe ishara popote, chini kabisa kuzimuni au juu kabisa, sasa waangalie wenyewe, Goba ina nini? Ina mabonde na vilima. Huwezi kwenda dukani bila kushuka kuzimuni na kupanda tena. Kwa hiyo hii ni ardhi ya ishara, na si bure kwamba viwanja vinapanda bei. Akasema pia wale wafalme wawili wapo mpaka leo, ni mafuta ya petroli na faini za barabarani, na wote wawili wataondolewa kabla mwanawe wa mwisho hajajua kuchagua jema na baya.

— Mwanao wa mwisho ana umri gani? Twalib aliuliza.

— Bado hajazaliwa.

Walicheka wote, hata Albano, isipokuwa mmoja. Brightson aliwaona wanavyoushika unabii kwa mikono yenye mafuta ya kashata. Maneno hayohayo Sekela aliyasema gizani mwaka jana na mshumaa mkononi, na watu wazima walilia. Alitaka kuwaambia wanyamaze. Alitaka pia waendelee, kwa sababu wakinyamaza itabidi aende nyumbani.

Hakimu, ambaye hapendi mada ife kwa kicheko, akawarudisha kwenye kesi yake. Akasema kuna kitu kimoja katika habari ile ambacho hajawahi kumsikia mhubiri akikieleza vizuri. Mungu anamwambia Ahazi, omba ishara. Ahazi anajibu, sitaomba, wala sitamjaribu Bwana. Jibu la mcha Mungu kabisa, jibu la mzee wa kanisa. Sasa kwa nini nabii anakasirika? Kwa nini anamwambia hamtosheki kuwachosha wanadamu, mpaka mnataka mumchoshe na Mungu?

— Kwa sababu alikuwa anadanganya, alisema Albano, bila kuinua macho. Alishaamua mambo yake. Alikuwa anataka kwenda kuomba msaada kwa mfalme wa Ashuru. Hakutaka kusikia kitu kitakachomlazimisha abadilike. Akajifunika dini.

Brightson aliona tai inambana. Hakuna aliyekuwa anamsema yeye. Hilo alilijua. Akailegeza tai.

Na pengine siku ingeisha salama kama Rogers angekuwa na breki mdomoni kama alizo nazo kwenye pikipiki. Lakini Rogers alikuwa bado na njaa ya kuchekesha. Akapangusa makombo, akasema tatizo ni kwamba Mariamu alibahatika kuzaliwa zamani.

— Angekuwa wa siku hizi, kaja na tumbo, anasema malaika, hawa wazee wa kanisa wangemtenga mchana kweupe. Angekuwa benchi la nyuma mpaka...

Hakuimalizia. Aliona uso wa Twalib, akakumbuka yuko benchi la nani. Kashata ikamkwama.

— Malizia, alisema Brightson.

— Mzee wangu, mie sikumaanisha...

— Nimesema malizia. Mpaka nini? Mnakuja hapa kila siku mnakalia chuma changu, mnanong'ona. Nikifika mnaanza habari za mpira. Sema jina lake. Anaitwa Sekela. Hamna midomo ya kulitaja?

Alikuwa amesimama. Rogers, ambaye anaweza kumtukana dereva wa lori mpaka lori lizime, alirudi nyuma nusu hatua.

— Na msimfananishe Mariamu na mwanangu, Brightson aliendelea. Mariamu alikuwa bikira. Mimba yake ilinenwa na manabii. Ya mwanangu haikunenwa na mtu. Ni ya mhuni mmoja ambaye hata jina hatulijui. Na ili mjue kwamba sina upendeleo, mie mwenyewe ndiye niliyenyoosha mkono wa kwanza pale barazani. Wa kwanza. Kabla ya mchungaji.

Alikuwa amelibeba neno hilo kwa muda akidhani siku atakapolisema litamsimamisha wima mbele ya watu. Alilisema, na likaanguka pale chini kati ya miguu yao, na hakuna aliyelipokea. Twalib aliangalia birika lake.

Albano ndiye aliyeongea, na kisu bado mkononi.

— Mzee Geti, sie tunajua kwamba Mariamu alikuwa bikira kwa sababu tumeshasoma mpaka mwisho. Siku ile nani alijua? Yusufu mwenyewe hakujua. Alidhani yaleyale unayodhani wewe. Na Mathayo anamwita mwenye haki, unajua kwa nini? Kwa sababu hakutaka kumwaibisha mbele za watu. Alitaka kumwacha kwa siri. Hata malaika alikuwa hajamtokea.

— Unanifundisha kanisa langu?

— Nakwambia kilichoandikwa. Ulisema imeandikwa, imekwisha.

Brightson alimwaga kahawa yake chini, kikombe kizima, kwenye vumbi mbele ya viatu vya Albano. Ni tusi kubwa hapo kijiweni, kubwa kuliko la mdomo. Angeendelea, na pengine wangeshikana, wazee wazima wenye magoti mabovu, kama nyuma yao mtu asingebisha hodi kwenye mlango wa karakana uliofungwa.

Alikuwa mwanamke wa makamo, na ndoo ya chokaa mkononi. Brightson alimtambua kwa shida. Anaitwa Eufrazia, amehamia mtaani karibuni kutoka Masasi, na alikuwa ameagiza nondo za madirisha. Alisema shikamooni wazee, wakaitikia marahaba kwa sauti za watu waliokutwa uchi. Akasema ndiyo kwanza anafika kuulizia nondo zake, akakuta wanaongelea habari za Mariamu na Yusufu akaona si adabu kukatiza, basi akasimama kidogo pale kivulini. Brightson alimjibu kwa mkato kwamba Jumapili hafungui, nondo zitakuwa tayari Jumanne. Twalib, kwa kutafuta njia ya kuiondoa ile hali, akammiminia kahawa. Yeye akaipokea kwa mikono miwili, akainywa akiwa wima. Ilionekana wazi kwamba hamjui Sekela, wala hajui ni mkono wa nani ulionyooshwa wapi. Alikuwa amedaka habari za Mariamu tu.

— Samahani wazee wangu, alisema. Mie sikusoma sana mambo hayo, lakini kuna kitu najiulizaga kila Krismasi, na leo nimewakuta watu wanaojua. Baba yake alisema nini?

— Baba yake nani? Hakimu aliuliza.

— Baba yake Mariamu.

Hakimu akanyoosha mgongo, kama mtu aliyeitwa kizimbani. Akasema Biblia haimtaji. Albano akasema kwao mapokeo yanamtaja, anaitwa Yoakimu, na mkewe Ana, hata sanamu yao aliwahi kuichonga. Twalib akasema kwao ni Imrani, ila walimu wanasema alifariki kabla binti hajazaliwa. Rogers alitaka kusema amefunuliwa kitu, akaamua kunyamaza, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

— Siulizi jina, alisema Eufrazia. Nauliza siku ile alipojua. Malaika tunajua alichosema. Yusufu tunajua alichotaka kufanya. Elisabeti tunajua alivyompokea, tena kwa furaha. Sasa huyu binti alikuwa na kwao. Alikuwa analala nyumba ya watu. Walisema nini?

Hakimu aliangalia mikono yake.

— Maana mie naona kitu kimoja, aliendelea, akimrudishia Twalib kikombe. Akishapata tu ile habari, anaondoka mbio kwenda milimani kwa ndugu yake. Mwendo wa siku nyingi, na mimba changa. Mie nimelea mabinti. Binti hakimbilii mbali hivyo kama nyumbani kuna mtu anaongea naye.

Alisema asante kwa kahawa, akakumbusha habari ya Jumanne, akachukua ndoo yake ya chokaa akateremka bondeni. Kijiwe kilimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona, kwa sababu kila mtu alikuwa anaogopa kumtazama Brightson.

Brightson alikuwa bado amesimama. Alilijua andiko lile kwa moyo, alikuwa amelisikia kwa sauti ya mwanawe mwaka hadi mwaka, na sasa alikuwa akilipekua kichwani kutoka mwanzo, kwa Isaya na Ahazi, kwa Mathayo, kwa Luka, akimtafuta mwanamume mmoja aliyesimama kwenye mlango wa nyumba yake akamwambia binti yake neno lolote, hata baya. Hakumpata. Manabii walikuwa wamesema, malaika walikuwa wamesema. Baba hakuwa na sehemu ya kusoma.

Hasira hazikumwisha, asikwambie mtu. Alikuwa bado na hasira na Rogers, na Albano, na baraza lililomfuata kama kondoo, na huyo mhuni atakayekula Krismasi yake mahali fulani kwa raha. Ila sasa zilikuwa zimegeuka, na sehemu kubwa ilikuwa inamwangalia yeye.

— Twalib, nimiminie nyingine, alisema.

Twalib alilipindua birika. Likatoa vijiko viwili vya machicha.

— Imeisha, mzee.

Brightson aliondoka bila kuaga. Nyumba yake iko nyuma ya karakana, ukipanda ngazi za mawe. Tupokigwe alikuwa uani anachambua mchele, akamwona akipita, akaacha kuchambua. Begi lilikuwa palepale karibu na mlango, la bluu, limefungwa kamba juu kwa sababu zipu imekufa. Sekela alikuwa amekaa kwenye kochi pembeni yake, na tumbo lake, na viatu vya safari ameshaviweka tayari. Alipomwona baba yake alisimama, kama alivyolelewa.

— Shikamoo baba.

Alikuwa akimwamkia hivyo kila siku, na kila siku ilikuwa ikiangukia ukutani. Brightson alisimama mlangoni, na tai yake imelegea. Neno la kuanzia hakuwa nalo. Hakuna aliyekuwa amelisema kabla yake ili yeye alirudie.

— Marahaba, alisema. Nani kakupa ruhusa ya kusafiri?

Ilitoka kwa ukali, kama anamgombeza. Sekela alimtazama bila kuelewa. Baba yake aliinama, akalishika lile begi, akajaribu kufungua fundo la kamba, na vidole vyake vinavyopinda nondo vikashindwa. Akalivuta fundo, akalikasirikia, akalivuta tena.

— Mkesha wa Krismasi tunakwenda wote, alisema akiwa ameinama, na sauti ilikuwa bado kali. Watazima taa, huyo mtoto wa mwimbishaji atasoma, na nakwambia mapema, hatasikika. Mie nitakaa na wewe kule nyuma.

— Baba, nyuma wanakaa waliotengwa.

— Najua wanaokaa nyuma. Mie ndiye niliyewaweka.

Hatimaye fundo likaachia. Brightson akaketi sakafuni hapohapo na suti yake, mgongo kwenye mlango, begi wazi mbele yake.

— Haya, alisema. Nakuuliza mwenyewe.